Anna Shchetinina na mwamba wa Baltiki

Kila ikifika tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, jina la Anna Shchetinina wa Urusi huzunguka kwenye makundi yetu ya mabaharia: "Nahodha wa kwanza mwanamke duniani." Watu huweka alama za moyo, mmoja huuliza kama aliolewa, na mjadala unaishia hapo. (Ndiyo, aliolewa, mwaka 1928, na mwendesha redio wa meli. Tuendelee.)

Hilo la "wa kwanza duniani" lenyewe lina walakini. Karibu miaka mia moja kabla yake, Betsy Miller wa Saltcoats, Uskoti, aliongoza jahazi la milingoti miwili lililoitwa Clitus. Shchetinina ni wa kwanza kwa maana ya siku hizi: cheti mkononi, meli ya biashara ya kwenda bahari kuu, na jina lake kwenye nyaraka za chombo. Lakini mimi ni afisa wa pili kwenye meli ya mizigo, njia za meli ndiyo kazi yangu, na nikisoma habari za manahodha siangalii sana nani alitangulia. Naangalia alipita wapi, na hali ya bahari ilikuwaje.

Alizaliwa mwaka 1908 karibu na Vladivostok, bandari ya Urusi kwenye Pasifiki, akaingia chuo cha ubaharia cha huko mwaka 1925 kusomea uongozaji wa meli. Alianzia chini kwenye meli za Kamchatka, akapanda daraja moja baada ya jingine. Mwaka 1935, akiwa na miaka 27, alitumwa Hamburg kuchukua meli iliyonunuliwa Ujerumani, Chavycha, jina la samaki mkubwa wa mito ya Kamchatka. Magazeti ya Ulaya yakapigwa na butwaa. Sijui wahariri walitarajia nini, maana kilichofuata ni kazi tu: kutoka Hamburg, kupitia Odessa, kukatiza Bahari ya Hindi, Singapore, halafu kupanda kaskazini hadi Petropavlovsk-Kamchatsky. Chukua ramani ya dunia upitishe kidole kwenye njia hiyo. Kisha kumbuka kwamba hakukuwa na setilaiti ya kukuonyesha ulipo: ni sekstanti ya kupimia kimo cha jua na nyota, kronomita ya kushika saa sahihi, jua mchana na nyota alfajiri, na mawingu yakikaa siku tatu unakisia kwa mwendo na mkondo. Wala hakuwa ameizoea meli hiyo kabla ya kuondoka nayo.

Mwaka uliofuata Chavycha ilibanwa na barafu katika Bahari ya Okhotsk, ikasukumwa huku na huko kwa siku 11 kabla ya kuchomoka. Mwaka 1938 akapewa bandari ya uvuvi ya Vladivostok aiongoze, kazi ya nchi kavu, kisha akaenda masomoni Leningrad. Vita vikamkuta huko. Agosti 1941 alikuwa na meli ya Saule katika Ghuba ya Ufini wakati Wasovieti walipoihama Tallinn, mji mkuu wa Estonia, mabomu juu na mabomu ya majini chini. Meli nyingi za msafara ule hazikufika.

Lakini sehemu ninayoirudia mara kwa mara ni ya Pasifiki, alipohamishiwa kwenye Jean Jaurès.

Hiyo ilikuwa mojawapo ya zile meli za mizigo zilizoitwa Liberty, ambazo Wamarekani waliziunda 2,710 wakati wa vita, haraka kuliko Wajerumani walivyoweza kuzizamisha. Zilikuwa na kasoro moja iliyowatoa mabaharia jasho. Meli ndefu inapopita juu ya mawimbi makubwa huwa inapindwa. Wimbi likiiinua katikati, omo na tezi (mbele na nyuma) zinaning'inia, na sitaha inavutwa kama inataka kukatika. Mawimbi mawili yakishika ncha zake, katikati inashuka na sitaha inabanwa. Hivyo usiku kucha, wimbi baada ya wimbi. Meli za zamani ziliungwa bamba kwa bamba kwa ribiti, yaani misumari ya chuma, kwa hiyo bamba moja likipasuka, ufa ulikuwa unakomea ukingoni mwa bamba hilo. Liberty zililehemiwa, yaani kuchomelewa, mwili mzima ukawa kama chuma kimoja. Ufa ukianzia kwenye pembe ya mlango wa ngama (tumbo la kubebea mizigo), pembe zenyewe zilikuwa za mraba, hauna pa kukomea.

Jean Jaurès ilipasuka sitaha bahari ikiwa imechafuka, mbali na pwani, kwa kishindo kama cha mzinga. Fikiria uko briji. Huwezi kuziba ufa ule kwa saruji. Huwezi kuongeza mwendo, kila pigo la wimbi litaurefusha. Huwezi kusimama, kwani meli isiyokwenda hugeuzwa ubavu na mawimbi, na hapo ndipo utakapoona mambo. Unapunguza mwendo hadi pale usukani unapotii kwa shida, unatafuta pembe ya wimbi inayoipinda meli kidogo zaidi, unahamisha uzito wa mafuta na maji kwenye matangi, na unawapa watu kazi ya kukaza nyaya, kwa sababu mtu mwenye kazi mkononi haangalii ufa. Shchetinina aliifikisha Akutan, katika visiwa vya Aleutian. Mwezi Desemba 1943 Liberty nyingine ya Wasovieti, Valery Chkalov, ilikatika vipande viwili katika Bahari ya Bering, kwa hiyo tunajua kabisa alichokuwa anakikwepa.

Watu wengi walilaumu uchomeleaji. Aliyeonyesha kwamba tatizo kubwa lilikuwa chuma chenyewe, kwamba kwenye baridi kiligeuka kuwa cha kuvunjika kama kigae, alikuwa Constance Tipper wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Habari zake huwa hazisambazwi na mtu tarehe 8 Machi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Niliwahi kufanya kazi chini ya nahodha mwanamke. Tukiingia bandari moja, rubani wa bandari, yule anayeielekeza meli kuingia, alipanda kwa ngazi ya kamba, akafika briji anahema, akampa mkono kijana aliyeshika usukani. "Habari ya asubuhi, kapteni." Kijana alitoa macho, mikono haikubanduka kwenye usukani. Nahodha wetu hakulizungumzia hilo hata kidogo. Alisema, "Karibu, rubani. Tunaelekea nyuzi 310, mashine ziko tayari, kina chetu nyuma ni mita tisa na nusu," akamsogezea kadi ya rubani, yenye maelezo ya meli, atie saini. Rubani akawa mwekundu, akatia saini, na akatuingiza gatini vizuri sana. Nilipomuuliza nahodha jioni kama hakukasirika, alinijibu huku anakata mkate: "Huyo hana neno. Shida ni siku nitakayokwaruza gati. Akikwaruza mwanamume, watasema upepo ulikuwa mkali. Nikikwaruza mimi, bandari nzima itasimulia miaka kumi."

Nilimkumbuka mwezi Machi 2021, Ever Given ilipojikita kwenye kingo za Mfereji wa Suez. Meli ya mita 400, upepo mkali, mfereji mwembamba, marubani wawili wa mfereji briji, nahodha mwanamume. Haikuchukua muda, mtandaoni ikazuka picha bandia ya ukurasa wa habari ikidai aliyeikwamisha ni Marwa Elselehdar, Mmisri wa kwanza mwanamke kufikia ngazi za uongozi wa meli. Siku hiyo Marwa alikuwa afisa wa kwanza kwenye Aida IV, huko Alexandria, mamia ya kilomita kutoka Suez. Alilazimika kutokea hadharani kukanusha kwamba aliikwamisha meli ambayo hakuwahi kuikanyaga. Ripoti ya sekta iliyotoka mwaka huohuo ilihesabu wanawake kuwa asilimia 1.28 tu ya mabaharia wenye vyeti duniani. Mkiwa wachache kiasi hicho, kila mmoja wenu anabebeshwa madhambi ya wote, na hata ya wasiokuwa wenu.

Ndiyo maana kipande ninachokithamini katika maisha ya Shchetinina ni kile ambacho waandishi wa sifa hukiruka. Baada ya vita alirudi Baltiki, akapewa meli ya Dmitry Mendeleyev, na katika ukungu akaipandisha meli kwenye mwamba. Hakuna aliyemtetea kwa sababu ya nishani zake, wala hapakutangazwa kwamba sasa imethibitika wanawake hawawezi. Walimwadhibu kama ambavyo wangemwadhibu nahodha yeyote: akashushwa kwenye meli ya daraja la chini kwa muda. Akaipokea, akang'oa nanga.

Mwaka 1949 alianza kufundisha uongozaji wa meli Leningrad, na mwaka 1960 akahamia chuo cha Vladivostok. Nyota ya Shujaa wa Kazi ya Kijamaa alipewa mwaka 1978, akiwa na miaka 70. Alifariki mwaka 1999. Nimesomeshwa na wahadhiri ambao, kwa maelezo yao, hawakuwahi kukosea hata hesabu ya kupwa na kujaa, na somo la kuendesha meli kwenye ukungu walilisoma kutoka kwenye kitabu kwa sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho. Darasa la Shchetinina juu ya ukungu ningekaa mstari wa mbele, na swali langu la kwanza lingekuwa: ile dakika kabla ya kugusa mwamba, kapteni, mwendo wako ulikuwa noti ngapi?