Moshi wa nyuma ya nyumba yetu Tandika

Niko likizo Dar, wiki ya pili sasa. Juzi jioni jirani wa nyuma aliwasha taka zake kama ilivyo ada, plastiki na majani ya mwembe pamoja, na moshi ukaingia wote chumbani kwa mama. Mama ana pumu. Nikafunga madirisha, nikampa barakoa niliyokuja nayo. Baba mdogo akaniangalia, akasema mbele ya wageni: "Mwanangu, umekulia humuhumu. Leo kwenu kunanuka?"

Nilinyamaza, maana ni baba yangu. Lakini neno lile limenikaa kooni.

Sikujifunza kuuogopa moshi kwa majivuno ya majuu. Nilijifunza Sacramento, California, Novemba 2018, mwaka wangu wa kwanza wa kubeba boksi. Tarehe 8 moto wa msituni uliuangamiza mji wa Paradise, kaskazini yetu, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Watu 85 wakafa. Sisi moto hatukuuona, tulipata moshi, tena karibu wiki mbili, mpaka mvua iliponyesha. Jua likawa jekundu, ungeweza kulikazia macho. Nilikuwa napakua mizigo nje kutwa nzima nikidhani kikohozi ni cha baridi. Jioni moja bibi mmoja Mzungu, jirani ambaye kwa miezi sita tulikuwa tunapungiana mkono tu, akanigongea mlango. Akanipa barakoa nne za N95, akaketi nami kwenye ngazi, akanionyesha picha ya setilaiti kwenye simu yake. Moshi ulianzia ncha moja nyembamba milimani, ukatanuka, ukalijaza bonde lote tunaloishi hadi kumwagikia baharini. "Uko hapa," akaniambia, kidole katikati ya kijivu. Mimi na yeye hatukuwa na undugu wowote. Sijamsahau.

Tangu hapo nafuatilia. Setilaiti iitwayo Terra ilikuwa ikipita asubuhi, mwenzake Aqua mchana, na picha zao zipo bure kwenye tovuti ya NASA, shirika la anga la Marekani, iitwayo Worldview. Setilaiti nyingine za Wamarekani, ziitwazo GOES, zimekaa juu ya Ikweta, kama kilomita 36,000 kutoka ardhini, zinazunguka pamoja na dunia na kuleta picha kila baada ya dakika chache. Ukizipanga mfululizo unauona moshi ukitembea. Moshi ni kijivu chenye ubuluu na una mahali unapochomoza. Vumbi lina rangi ya udongo. Rafiki yangu anaendesha lori Phoenix, huko hutokea ukuta wa vumbi unaoitwa haboob, unafunika barabara ghafla kiasi cha kutoiona boneti yako. Usiku picha ya kawaida ni giza tupu, lakini vumbi hunaswa kwa kulinganisha aina mbili za mionzi ya joto, kwa kuwa vumbi huizuia tofauti na mawingu.

Picha peke yake haitoshi. Inaonyesha moshi uliopo angani, haikwambii kama uko juu sana au uko puani mwako. Ndiyo maana wenzetu wana vipimo vya chini pia, mtaa kwa mtaa.

Wadogo zangu mnaohangaikia viza, kazi mtakazoanzia ni za shamba, ujenzi, kupakua. Za nje. California tangu 2019 mwajiri analazimika kutoa barakoa kipimo cha uchafu wa hewa (AQI) kutokana na moshi wa msituni kikifika 151. Mkidai, mnadai haki yenu. Na wekeni akiba ya kununulia mashine ya kusafisha hewa ya chumbani. Yangu, kwa bei yake na vichujio vyake, hapa ungefungua genge.

Jana usiku nilimwekea baba mdogo picha za Julai. Vidoa vyekundu vya moto kutoka Kongo, Zambia na Msumbiji hadi kwetu kusini. Yeye ni mtu wa Rufiji, akasogeza simu karibu. "Hao wanaandaa mashamba," akasema, akawa ananitajia vijiji kimoja kimoja. Picha za setilaiti za Wamarekani, bure vilevile, na humu nyumbani mwetu hakuna aliyewahi kuzifungua.

Kisha akauliza: "Na huu wa hapa nyuma uko wapi?"

Nikakuza picha mpaka Temeke. Hakuna kitu. Kidoa kimoja kinabeba mraba wa karibu mita 375 kila upande. Kirundo cha taka kikiwaka nusu saa, setilaiti ikiwa imeshapita, hakiachi alama. Moshi wa Sacramento ulikuwa na picha, na namba, na baadaye sheria. Wa mama yangu una mimi na kitasa cha dirisha, na tarehe 28 naondoka.

Baba mdogo alikaa kimya. Halafu akasema kesho baada ya alasiri twende wote kwa yule jirani, yeye ndiye atakayeongea.