Nondo wa kihambani: orodha inakua, ila si kwa taa

Oktoba, Marangu, Kilimanjaro. Naorodhesha nondo, wadudu jamaa wa vipepeo, wa kihamba chetu, yaani shamba linalozunguka nyumba. Vuli imegusa, shuka jeupe la kuwavutia nondo limerudi ukutani na taa ya mwanga wa zambarau imechajiwa. Nachagua usiku wa giza, maana mbalamwezi ikishatoka nondo hawaji.

Mpya wa kwanza orodhani ni Hippotion celerio, mwenye mistari ya fedha mabawani na waridi kwenye mabawa ya nyuma. Nilimtarajia: viwavi wake hula magimbi, nasi magimbi tumeyajaza kando ya mfongo, mfereji wetu wa maji. Wa pili ni Spodoptera frugiperda, mzazi wa viwavijeshi vamizi waliobainika Afrika mwaka 2016, asili yao bara la Amerika. Dume ana doa jeupe kwenye ncha ya bawa. Huyu nimemwandika bila furaha. Mahindi yako hatua chache tu.

Wale wadogo wa kijivu naishia kuandika familia, yaani kundi lao kubwa, bila jina la spishi. Wengi wao picha haiwatenganishi mpaka viungo vya uzazi vitazamwe kwa hadubini. Programu ya simu itakutajia jina hata hivyo, mara nyingine la nondo wa Ulaya. Siliandiki.

Novemba. Mama alikuwa anapunguza machipukizi ya kahawa, akaniita: "Njoo uchukue mdudu wako kabla sijamponda." Kiwavi wa kijani, mnene kama kidole, pembe mkiani. Nikamlisha majani ya kahawa kwenye ndoo yenye udongo hadi akajichimbia na kuwa pupa. Alipotoka, mabawa yalikuwa na unga wa kijivu. Akayatikisa kwa kasi, unga wote ukapukutika, na kupitia bawa lake nikaona mistari ya kiganja changu. Cephonodes hylas! Huyu huruka mchana kweupe; ningewasha taa mpaka masika, shukani asingetua.

Tangu hapo naanza na majani, taa baadaye. Mimea ya marejea iliyoota njiani imenipa Utetheisa pulchella, mweupe mwenye madoa meusi na mekundu. Kiwavi wake hula sumu ya marejea na kuihifadhi mwilini, ndiyo maana nondo mwenyewe hana haja ya kujificha.

Kwenye viazi vitamu vya jirani kuna majani yaliyoliwa hadi vikonyo, na chini vinyesi vikubwa vyeusi. Nashuku Agrius convolvuli. Nimeomba ruhusa ya kupita na tochi; orodhani bado simwingizi.