Gundi ya seremala ilivyoniokolea santuri za babu

Akikwambia mtu santuri zote husafishwa kwa spiriti, mkimbie. Mimi sikukimbia.

Babu alipofariki wajomba waligombania baiskeli. Boksi la santuri za dansi hakuna aliyelitaka, nikabeba: Cuban Marimba, Morogoro Jazz, NUTA, zote zimejaa vumbi na uchafu wa mende. Fundi redio mmoja akanituliza: "Pamba na spiriti tu, mdogo wangu."

Nikaanza na ile nzito ya Cuban Marimba, ya mizunguko 78 kwa dakika. Pamba ikatoka nyeusi. Nikafurahi, kumbe uchafu ulikuwa mwingi hivi! Nikasugua. Pamba ya tatu bado nyeusi tii, na santuri imefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Hapo ndipo nikagutuka: nilikuwa nafuta muziki wenyewe. Sahani za 78 ni za shelaki, na shelaki huyeyuka kwenye spiriti. Na mimi ni mtoto wa seremala, nimemwona baba akiikoroga miaka yote kung'arishia makabati! Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba, alifariki kwa ajali mwaka 1965. Mimi nikamuua mara ya pili.

Za 78 zilizobaki nazifuta kwa maji yenye tone la sabuni, lebo isilowe.

Zile ndogo za mizunguko 45 ni vinili, yaani plastiki, na dawa yake ni gundi nyeupe ya mbao. Unaimwaga, unaisambaza kwa kadi ya vocha mpaka ifunike mifereji yote, unaiacha usiku kucha. Iwe nene. Mara ya kwanza niliibania, nikabandua vipandevipande kwa kucha hadi adhana ya alfajiri. Ikiwa nene, unashika ukingo, unavuta polepole, inachunika nzima kama gamba la nyoka, na vumbi la miaka 50 limeganda humo. Raha yake! Kopo lilinitoka kama elfu nane, likatosha sahani tisa, kumi hivi.

Shida iliyobaki ilikuwa kujua nani anaimba, maana lebo nyingine zina jina la bendi tu. Nikawa nakesha napekua simu. Siku moja nimeweka NUTA, mama akaacha kuchambua mchicha: "Si Gurumo huyo? Unamtafuta kwenye simu, na mimi nimemcheza?"

Siku hizi nikibandua gundi namwita kwanza, daftari mkononi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, mama hata hasubiri aimbe. Gitaa likianza tu, anamtaja.

Ile ya 78 nimeitundika sebuleni. Namngoja fundi aje kunywa chai.