Matari yetu na nai ya Konya

Tari halipigwi likiwa baridi. Kabla ya maulidi mtu hukaa barazani na jiko la makaa, akayapasha matari moja moja mpaka ngozi ikaze, na kwetu Kibokoni kazi hiyo ni yangu tangu nina miaka 12. Ukilisogeza mno kwenye moto, ngozi inapasuka. Ukiogopa moto, utadhani mtu anapiga godoro.

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, hoteli moja ya ufuoni ilituita. Walitaka vijana kumi na wawili, kanzu nyeupe na kofia, wapige magoti kando ya bwawa la kuogelea na kuyumba kwa mstari mmoja, dakika ishirini, kaswida "za kuchangamka". Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye kiyamu. Nyumbani hapo kila mtu husimama kumsalia Mtume, mrashi unapita, chetezo kinafuka udi. Kule tulisimama sisi peke yetu, na mhudumu mmoja aliyekuwa na sinia la glasi mkononi. Msimamizi akatupungia mkono tukae, tumewaziba wageni wasione bahari.

Ami yangu, aliyenifundisha kupiga, aliuliza jambo moja tu.

"Mmelipwa?"

"Tumelipwa, ami."

"Kwa lipi? Kwa kumsalia Mtume, ama kwa kuyumba?"

Nikanyamaza. Akacheka ami mwengine, mdogo wake, ambaye tangu arudi masomoni ng'ambo hakanyagi kwenye maulidi: "Si niliwaambia? Ngoma ni ngoma."

Ndipo nikaanza kusoma habari za Wamevlevi wa Uturuki, watu wa tarika ya Kisufi, wale madarweshi wanaozunguka kama pia. (Darweshi, kwa asili yake ya Kiajemi, ni maskini, kama fukara wetu. Wala si kila darweshi ni mtu wa nai, ile filimbi ya mwanzi: wapiganaji wa Sayyid Muhammad Abdullah Hassan kule Somalia nao walijiita Madarweshi, na ni wafuasi wake waliomuua Sheikh Uways wa Barawa, mwaka 1909, ambaye zikiri ya tarika ya Kadiria katika pwani yetu inamtaja hadi leo.)

Nilidhani Mmevlevi ni mtu wa kuzunguka tu. Kumbe aliyetaka kuingia tarika hiyo alitumikia siku 1,001, nazo zilianzia jikoni: kufagia, kuosha vyombo, kwenda sokoni. Na kuzunguka alifundishwa huko huko, juu ya ubao wenye msumari, msumari umekaa kati ya kidole gumba cha mguu wa kushoto na kidole cha pili, ubao umenyunyiziwa chumvi. Mavazi yenyewe ni mazishi matupu. Joho jeusi ni kaburi, kanzu nyeupe ni sanda, kofia ndefu ya sufu ni jiwe la kaburini. Sheikh wao, Jalaluddin Rumi, alifariki Konya tarehe 17 Desemba 1273, na usiku huo wao wanauita usiku wa harusi. Mtu wa Lamu anayejua hauli, kumbukumbu ya kila mwaka ya kufariki kwa sheikh, hatashangaa.

Halafu nai. Rumi anaifungua Mathnawi yake kwa kilio cha nai, mwanzi uliokatwa ukatenganishwa na wenzake. Nai hiyo hiyo huku kwetu tuliisikia kwenye taarabu ya Unguja, arusini, watu wakitunza. Mwanzi ni ule ule.

Kuhusu ugomvi wa maami zangu, mwaka 1666 yule mdogo alishinda. Wakati wa Sultani Mehmed wa Nne, wahubiri wakali wakiongozwa na Vani Efendi walisikizwa Istanbul, na sema, yaani huko kuzunguka kwa nai na ngoma, ikapigwa marufuku hadi 1684. Mara ya pili waliopiga marufuku hawakuwa wahubiri. Mwaka 1925 serikali ya jamhuri ilizifunga zawiya zote, nyumba za tarika, na ile ya Konya ikageuzwa makumbusho. Miaka ya 1950 sema iliruhusiwa kurudi Konya, lakini kwa jina la kumkumbuka mshairi, mbele ya watazamaji. Mwaka 2008 UNESCO ikaiweka kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu.

Nawafikiria waliokuwa wamezungukia ndani ya zawiya, wakaja kuzunguka mbele ya watu waliokaa kwenye viti. Kanzu zile zile, nai ile ile, na wao wanajua ile nyeupe ni sanda. Mtazamaji je? Nilimsomea ami mkubwa kisa hicho. Akasikiliza mpaka mwisho, akaomba kahawa.

Baadaye akaniuliza kama yule mhudumu wa sinia alisimama mpaka mwisho wa kiyamu. Nikamwambia alisimama, mpaka akaitwa kwa jina.

Pesa za hoteli tulinunulia ngozi, tukawamba matari mawili. Ami hajauliza ni yepi, na mimi sijamwambia. Yanashika moto upesi kuliko yale ya zamani, na kila nikiyapasha nayaweka mwisho.