Nilivyoielewa atomu kwa maharage, mahindi na ulezi

Ninauza nafaka sokoni hapa Sumbawanga, na shule niliiachia kidato cha pili. Nilipoamua kurudi kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwanza QT, yaani mtihani wa maarifa, halafu kidato cha nne, wengi walinishauri niachane na sayansi, nichukue Kiswahili, Historia na Uraia nimalize salama. Mimi nilitaka kemia. Kila msimu napokea mifuko ya mbolea iliyoandikwa N, P, K, wakulima wananiuliza maana yake, na nilichoka kujibu kwamba ndivyo kiwanda kinavyoandika.

Mada iliyonikaba ilikuwa muundo wa atomu. Darasa letu la jioni lilikuwa na vijana wanaorudia mtihani na sisi watu wazima wachache. Vijana walikuwa na wimbo wa elementi 20 za mwanzo, haidrojeni mpaka kalsiamu, wanautiririsha bila kupumua. Lakini mkatishe mmoja katikati, umuulize fosforasi ina elektroni ngapi kwenye ganda la nje: anarudi haidrojeni na kuanza kuhesabu kwa vidole. Siubezi wimbo, hata mimi niliukariri na bado unanifaa. Ila unakupa mpangilio tu. Haukwambii kwa nini sodiamu iko pale ilipo na ina tabia ile iliyo nayo.

Aliyenifungua ni mwanangu, wakati huo yuko kidato cha tatu. Alinikuta usiku nachora miduara na vidoto kwenye daftari, akaangalia kidogo.

"Mama, usianze na elektroni. Anza na protoni, hizo ndizo zinazosema hii ni elementi gani."

"Haya baba, kaa hapa unionyeshe."

Tukachukua ungo, tukachora miduara kwa mkaa. Maharage mekundu yakawa protoni, punje za mahindi nyutroni, na ulezi ukawa elektroni. Protoni na nyutroni zinakaa pamoja kwenye kiini. Elektroni ziko nje, kwenye maganda. Idadi ya protoni ndiyo namba atomia, na hiyo ndiyo inayobeba kila kitu. Ukijua kuna protoni 11, hiyo ni sodiamu, haiwezi kuwa kingine. Atomu ambayo haijatoa wala kupokea elektroni lazima iwe na elektroni 11 pia, ili chaji chanya za protoni na hasi za elektroni ziwe sawa. Masi, yaani protoni na nyutroni zikijumlishwa, ikiwa 23, unatoa 11, nyutroni ni 12. Kisha unapanga ulezi: mbili ganda la kwanza, nane la pili, na moja inabaki peke yake ukingoni.

Pembeni tukapanga klorini, namba 17: mbili, nane, saba. Mwanangu akaichukua ile punje ya ulezi iliyobaki ukingoni mwa sodiamu, akaisogeza mpaka ganda la nje la klorini. "Chumvi hiyo, mama." Akaniambia nihesabu upya. Sodiamu ina maharage 11 na ulezi 10, imebaki na chanya moja. Klorini ina maharage 17 na ulezi 18, ina hasi moja. Zinavutana. Sodiamu yenyewe ni metali laini inayokatika kwa kisu, na ukiitia kwenye maji inachachamaa, pengine hata kuwaka. Klorini ni gesi ya sumu. Wajerumani waliwafungulia gesi hiyo askari wa upande wa pili kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ikihama elektroni moja tu, unapata kitu unachotia kwenye mboga. Usiku ule nilichelewa kulala, nikawa napanga magnesiamu, aluminiamu, salfa, moja baada ya nyingine, mpaka ulezi ukamwagika sakafuni.

Ungo nao una uongo wake, na ni vizuri ujulikane mapema. Elektroni ina masi ndogo kuliko protoni mara 1,836, kwa hiyo hata ulezi ni mzito mno mbele ya harage. Na umbali ndio uongo mkubwa zaidi. Upana wa atomu ni mara elfu kumi hadi laki moja ya upana wa kiini chake. Kiini kikiwa na upana wa sentimita moja, kama harage, basi ulezi wa nje ulipaswa kuwa mita 50 hadi nusu kilomita kutoka pale, kote katikati patupu. Hapo ndipo nilipoelewa jaribio la Manchester, Uingereza, ambalo vitabu vyote vinalitaja. Geiger na Marsden, wakifanya kazi chini ya mwanafizikia Rutherford mwaka 1909, walirusha chembe za alfa, chembe ndogo zenye chaji chanya, kwenye karatasi nyembamba sana ya dhahabu. Nyingi zilipita moja kwa moja, chache sana zikarudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford akaeleza kwamba chaji chanya na karibu masi yote ya atomu vimekusanyika sehemu ndogo katikati. Nilikuwa nimekariri maneno hayo muda mrefu. Baada ya kupiga hesabu ya harage sikuhitaji tena kuyakariri.

Masi ya klorini, 35.5, ndiyo iliyolinyamazisha darasa zima. Nusu ya nyutroni inatoka wapi? Hapa biashara ilinisaidia kuliko kitabu. Nikinunua magunia matatu ya maharage kwa bei moja na gunia la nne kwa bei nyingine, bei yangu ya wastani si bei ya gunia lolote kati ya hayo. Klorini ya kawaida ni hivyo hivyo: kati ya atomu nne, kama tatu zina masi 35 na moja ina 37. Jumlisha 35 mara tatu na 37, unapata 142. Gawanya kwa nne, 35.5. Zote ni klorini kwa sababu zote zina protoni 17. Zinatofautiana mahindi tu, na hizo ndizo huitwa isotopu.

Potasiamu ilinisumbua zaidi, tena hiyo ndiyo K ya mfuko wa mbolea, kutoka kalium ya Kilatini. Namba yake ni 19. Kitabu kilisema ganda la tatu lina nafasi 18, halafu ukurasa uleule kikaandika 2:8:8:1. Kwa nini ile ya mwisho isikae la tatu, kukiwa na nafasi? Mwalimu wa jioni hakunikwepa. "Mama, nafasi ipo, lakini elektroni hiyo inakuwa na nishati ndogo zaidi ikikaa ganda la nne. Baada ya kalsiamu ndipo zinarudi kujaza la tatu." Akaniandikia chuma, namba 26: 2:8:14:2. Wapo wanaofundisha kwamba ganda la tatu mwisho wake ni nane, basi. Naona ni kumkwamisha mwanafunzi, maana akifika kwenye chuma au shaba hana pa kushika.

Kitu kingine kilichonikaa ni heliamu. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba kuna gesi nyingi ya heliamu huku kwetu Bonde la Rukwa, na sokoni kila mtu alikuwa na lake la kusema. Miaka ile sikuelewa gesi inaingiaje ndani ya mwamba. Sasa naweza kuipanga kwenye ungo, angalau kwa hesabu: urani ina protoni 92 na masi 238. Kiini chake hakitulii, kinatupa chembe ya alfa, yaani maharage mawili na mahindi mawili. Zikibaki protoni 90, hiyo si urani tena, ni thori, masi 234. Na ile chembe iliyotoka, ikidaka elektroni mbili, ni atomu ya heliamu. Ndivyo miamba yenye urani na thori inavyozalisha heliamu, polepole kwa mamilioni ya miaka.

Kwenye mtihani wa majaribio lilikuja swali la elementi isiyotajwa jina, iliyopewa herufi X, mpangilio wake 2:8:6. Taja kundi na pirodi, yaani safu wima na safu mlalo yake kwenye jedwali la elementi, valensi, yaani idadi ya elektroni inazotoa, kupokea au kushirikiana, na fomula ya kampaundi yake na haidrojeni. Vijana wawili jirani yangu walianza kuimba kimoyomoyo, midomo inacheza. Mimi nilihesabu maganda matatu, pirodi ya tatu. Elektroni sita nje, kundi la sita. Zimepungua mbili kufika nane, idadi ambayo ganda la nje linatulia nayo, valensi mbili. Haidrojeni inaleta moja moja, kwa hiyo H₂X. Jina lake, salfa, nililijua baadaye nilipojumlisha 16, na wala halikuulizwa.