Nilivyounganisha ethi za kituo chetu cha redio kuushinda umeme wa radi

Kituo chetu cha redio ya jamii kiko juu ya kilima wilayani Muleba, mkoani Kagera, upande unaotazama Ziwa Viktoria, na aliyewahi kulala huko usiku wa Novemba anazijua radi zake. Katika misimu miwili ya mvua mtambo wa kurushia matangazo uliungua mara 3, na kila mara wasikilizaji walikaa siku kadhaa bila bei za kahawa wala matangazo ya misiba, jambo lililoniuma kuliko gharama yenyewe.

Mnara ulikuwa na ethi yake, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, na jengo lilikuwa na ya kwake, kwa sababu fundi aliyenitangulia aliamini kwamba zikitenganishwa radi itaishia mnarani. Mara ya tatu niliufungua mtambo mwenyewe. Plagi ya kebo ya antena ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, na kutoka hapo mstari mweusi, mwembamba kama uzi, ulikatiza saketi hadi zinapoingia nyaya za umeme wa jengo. Nikaelewa kwamba umeme ulipita ndani ya mtambo ukitoka kwenye ethi moja kwenda nyingine.

Niliazima kipimo, nikakuta ethi ya mnara ina ukinzani wa ohmu 38, yaani ardhi iliupokea umeme kwa shida, kwa kuwa fito yake ya kuingia ardhini ilipigwa kwenye mwamba. Radi ya kawaida hubeba ampea kama 30,000. Ukizidisha kwa 38 unapata zaidi ya volti milioni 1 chini ya mnara, ilhali ethi ya jengo, hatua chache pembeni, haijapanda kiasi hicho. Tofauti hiyo hutafuta njia, na njia iliyokuwapo ni kebo ya antena.

Nilichimba mtaro kuuzunguka mnara na jengo, nikapigilia fito 8 za shaba nyekundu zenye urefu wa mita 2.4, nikaziachanisha kwa mita 5, kisha nikaziunganisha zote, pamoja na ethi ya jengo, kwa ukanda mmoja wa shaba. Mzee jirani alituruhusu kupigilia mbili kati ya hizo katika shamba lake la migomba, ambako udongo hauishiwi unyevu. Nilishauriwa kumwaga chumvi, nikakataa, kwani chumvi huila shaba na mvua huisomba. Nilitumia bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaoshika unyevu. Kipimo kikashuka hadi ohmu 6. Hata hivyo, ohmu 6 kwa hesabu ileile ni volti 180,000, kwa hiyo nasisitiza kwamba kinachookoa vifaa si ohmu chache peke yake, bali ni mnara, jengo na mtambo kupanda na kushuka pamoja, pasiwe na tofauti kati yao.

Ganda la kebo ya antena, yaani lile la chuma lililo chini ya plastiki, nililifunga kwenye mnara kule juu, tena chini kabla kebo haijapinda kuelekea jengo, na mara ya tatu kwenye bamba la shaba ukutani. Katika bamba hilo ndipo zinapofungwa pia ethi za umeme na za intaneti, na hakuna waya wa ethi niliouacha ukunje kona kali, kwa maana radi huruka nje ya kona. Kwenye bodi ya umeme niliweka kifaa cha kukinga volti zinazopanda ghafla, chenye kidirisha cha kijani ambacho hugeuka chekundu kifaa kikishachoka. Kila Agosti, kabla ya mvua, hukaza viungo vyote na kuhakikisha kwamba shaba haijaibiwa.

Novemba iliyofuata mlinzi aliiona radi ikishuka juu ya mnara saa nane usiku. Nilifika alfajiri nikakuta mtambo uko hewani na kidirisha ni chekundu. Nilibadilisha kile kifaa, na saa moja asubuhi matangazo ya misiba yalisomwa kama kawaida.