Daftari la Tanga mezani pa walimu wa Columbus

Kwa mwaka mzima niliambiwa nisubiri. Mwanangu alikuwa na miaka tisa tulipohamia Columbus, Ohio, naye alikuwa hajui kusoma, lakini kila nilipouliza nilijibiwa kwa upole kwamba Kiingereza bado ni kigeni kwake na kwamba kitamjia. Wenzetu wa nyumbani walinichanganya zaidi: Mama Zuhura alinionya kwamba nikitaja ulemavu mtoto atatengwa, na mwingine akaniapia kwamba vipimo vyake hulipiwa maelfu ya dola. Ilikuwa porojo tupu. Sheria ya Marekani iitwayo IDEA, ambayo chimbuko lake ni la mwaka 1975, inaitaka shule ya umma impe mtoto mwenye ulemavu elimu inayomfaa bila malipo, tena akae pamoja na wenzake kadiri inavyowezekana. Mimi nilitumia nauli ya basi tu.

Kosa langu lilikuwa kuomba kwa mdomo. Nilimwomba mwalimu, nikamwomba mkuu wa shule. Wote walitabasamu na hakuna aliyeandika neno. Siku nilipopeleka barua ya mistari minne ya kuomba tathmini ya elimu maalumu, nikakataa kuondoka mapokezi mpaka nakala yangu igongwe mhuri wa tarehe, karani alinitazama kama mdai sugu, lakini wiki hiyohiyo nikapigiwa simu.

Kikaoni waliurudia wimbo wao wa Kiingereza. Hapo nikatoa kwenye mkoba daftari la mwanangu la darasa la pili, la Tanga. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo herufi zake hazimtegi mtoto, hata hivyo mle "kata" imekuwa "taka", na "Baba analima" imekuwa "Dada analima", huku mwalimu wa kule akiwa ameandika kwa wino mwekundu: "Uzembe!" Nilimsomea mkalimani, Mkongo aliyekuwa kwenye simu, naye alicheka kwanza, kisha akawaeleza kwamba mtoto amemgeuza baba kuwa dada, kwa lugha yake mwenyewe. Mwanasaikolojia wa shule alilipekua daftari ukurasa kwa ukurasa, kimya, halafu akaomba ruhusa ya kulipiga picha. Wimbo wa Kiingereza uliishia hapo.

Nilitia saini ya kuridhia vipimo, ambavyo hapa Ohio hupewa siku 60, na mtoto akapimwa kwa lugha zote mbili. Alikutwa na disleksia, yaani ulemavu unaomfanya mtoto apate shida kusoma na kuandika. Mpango wa kwanza walioniletea ulikuwa wa nusu saa kwa wiki; sikuukubali, na mzazi asiporidhia, huduma hizo za mwanzo haziwezi kuanza, kwa hiyo tulikaa tena mezani. Sasa anafundishwa na mwalimu wa elimu maalumu siku nne kwa wiki.

Juzi alilifungua daftari lile mwenyewe, akakuta "Dada analima", akaniuliza ni dada yupi huyo, maana yeye hana dada.